Sanduku la Watu wa Milimani

Palikuwa na mama mmoja mwenye wasiwasi hata wa mambo ambayo bado hayajatokea, mpaka majirani wakambandika jina la Mama Tahadhari. Kwake nywele mbichi na feni havikai chumba kimoja, na mtoto hacheki huku anatafuna. Yasomwe haya na kila mama anayependa kumfuata mwanawe na sweta mkononi, maana balaa lenyewe lilianzia hapo hapo kwenye sweta.

Binti yake wa kwanza alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu. Chuoni hapo kulikuwa na kituo cha nyenzo, chumba kirefu chenye rafu mpaka darini, na kwenye rafu masanduku ya bati yaliyopakwa rangi. Kila sanduku lilikuwa la jamii moja: nguo zao, picha, michezo ya watoto, na sauti iliyorekodiwa ya mtu wao akieleza mambo ya kwao. Shule za msingi ziliyaazima wiki moja moja, ili watoto wanaokaa dawati moja wajuane, asionekane mtu kioja kwa kuwa tu kwao ni mbali. Binti alipewa kutengeneza sanduku la watu wa milimani. Likikataliwa na wakaguzi, anarudia mwaka.

Siku ya kurekodi, binti aliondoka nyumbani na nywele mbichi, bila sweta. Mama Tahadhari akachomoa sweta kabatini, akaifunga kwenye kitambaa, akaondoka nyuma yake huku sufuria iko jikoni.

Wakapishana njia. Binti alikuwa ameshakwenda stendi kumpokea mgeni wake, bibi mmoja wa milimani. Kituoni alikuwamo mtunza kituo peke yake, mwanamume mpole mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kipajini. Kuona mama na furushi, akaruka kitini.

"Karibu sana mama! Tumekusubiri tangu asubuhi. Kaa hapa, sema karibu na mashine hii."

Mama akaitazama ile mashine. Wamemsubiri? Mashine? Akaelewa mara moja, tena akaelewa vibaya: kumbe chuo kinawahoji wazazi kwa siri, kijue binti katoka nyumba ya namna gani kabla ya kumpa cheti! Akajiweka sawa kitini.

"Tuambie mama, kwenu mgeni anapokelewaje?"

"Kwetu ananawa mikono mpaka viwikoni. Mara mbili."

"Mara mbili! Kuna maana yake?"

"Ya kwanza ya uchafu. Ya pili ya uchafu usioonekana."

Mtunza kituo akaandika mbio, ulimi nje. "Na watoto mnawalea vipi?"

"Saa moja jioni wamelala. Na hawakai mbele ya feni. Feni ikiingia kifuani, haitoki."

"Kwa hiyo mna imani kuhusu feni?"

"Kali sana, mwalimu."

"Na mama mkwe?"

"Tunamtii kama malkia," alisema mama, ambaye na mama mkwe wake walikuwa hawasemezani mwezi wa tatu kwa ajili ya ndoo.

Alipokumbuka sufuria akasimama, akaacha sweta mezani. "Hii ya binti." Mtunza kituo akaipokea kwa mikono miwili. Gari la shule lilikuwa linasubiri nje. Akatia ile sauti sandukuni pamoja na sweta, akaiambatanishia sweta kikaratasi: *Vazi la milimani*. Binti aliporudi bila mgeni, akapewa habari njema kwamba mgeni alikuja kwa njia nyingine, kazi imeisha, sanduku limeshaondoka. Bibi mwenyewe, ambaye basi lake liliharibika, alifika alasiri akakuta mlango umefungwa, akarudi nyumbani amenuna.

Mama hakumwambia mtu, asije akagombezwa kwa kumfuata binti.

Wiki ya pili yake kitinda mimba wake akarudi kutoka shuleni nguo zimeloa jasho chapachapa.

"Mama, kumbe wewe ni wa milimani?"

"Nani kakwambia?"

"Sauti yako imetoka kwenye sanduku. Na sweta ya dada wamesema ni ya wa milimani. Ile yenye kifungo ulichoshona kwa uzi mwekundu."

"Yallah! Na hilo jasho?"

"Mwalimu kazima feni, kwa ajili ya yule mwenzangu wa milimani. Darasa zima limemkasirikia. Halafu wakampeleka bombani wakamnawisha mara mbili mpaka akalia."

Mama akakaa chini pale pale kizingitini. Wakaguzi wanakuja Ijumaa. Akinyamaza, binti anapata cheti, na watoto wa watu watanawishwa kila shule litakapofika lile sanduku. Akisema, huenda mwaka wa binti umekwenda na maji. Binti aliporudi, akasema.

"Mama!" binti alishika kichwa. "Si nilikwambia sweta siitaki?"

Wakaenda wote wawili kwa bibi wa mtoto yule, ambaye ndiye yule yule mgeni aliyenuna. Walimkuta kibarazani, feni juu ya stuli inampuliza usoni.

"Ndiye wewe uliyekalia kiti changu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mjukuu wangu karudi vidole vimekunjamana kama aliyefua mablanketi. Utakwenda darasani, useme mbele yao kwamba hayo ni yako, si yetu."

"Nitakwenda, mama."

"Haya. Nizimie feni hii, twende chuoni. Usiogope, haiumi."

Mashine ikawashwa upya. Mtunza kituo, aibu imemjaa, akauliza mgeni anapokelewaje.

"Anakaa," alisema bibi.

"Na... kuna imani kuhusu feni?"

"Tunaipenda. Hiyo yako mbona umeizima?"

Mama naye akasimama mbele ya darasa, akasema yote, mpaka habari ya ndoo. Watoto walicheka, na aliyecheka kuliko wote ni yule wa milimani.

Ijumaa wakaguzi wakasikiliza sauti zote mbili. Binti alipita, kwa chupuchupu. Lakini ile sauti ya kwanza hawakuifuta. Waliiweka pamoja na sweta kwenye kisanduku kidogo kilichoandikwa *Mama Mmoja, Si Kabila*, na walimu huambiwa waazime hicho kwanza kabla ya mengine.

Basi, mama mwenzangu, ukiulizwa mambo ya "kwenu", uliza kwanza wanadhani wewe ni nani. Sweta haijarudi hadi leo. Na binti ameajiriwa kituoni hapo hapo, meza yake iko chini ya feni.