Meno Sita ya Chini

Natasha alinipa ukurasa wake Jumamosi mchana, mama yake akiwa jikoni anakaanga samaki.

"Babu, nisaidie na koma tu," alisema. "Story iko sawa. Jioni nai-submit."

Alikuwa akiomba nafasi katika vyuo vya udaktari wa meno, na kila mwombaji alitakiwa kueleza kwa ukurasa mmoja kwa nini ameichagua kazi hiyo. Tangu nihamie kwao hapa Blaine, ughaibuni, mjukuu wangu huniletea maandishi yake ya Kiingereza, na hakosei kunichagua. Kiingereza nilikisoma katika madarasa ya jioni Nairobi, baada ya kazi, nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Aliyekipata kwa shida hiyo hachezei koma. Nilivaa miwani, nikatoa kalamu nyekundu.

Sentensi ya kwanza ilinihusu mimi.

Aliandika kwamba babu yake alipoteza meno sita ya mbele ya chini akiwa mtoto, kwa sababu kijijini kwake, karibu na Ziwa Victoria, hakukuwa na daktari wa meno. Yalioza moja baada ya jingine. Hata leo babu huyo huona aibu kucheka, hufunika mdomo kwa mkono. Na yeye Natasha, akimtazama mezani, aliapa kwamba hakuna mtoto mwingine atakayeteseka vile.

Nilisahihisha koma mbili. Nikainuka, nikaketi, nikainuka tena.

Yalioza! Meno yangu hayajawahi kuoza. Ya juu ninayo yote, na nimepita miaka sabini. Yale sita niling'olewa siku moja pamoja na wavulana wa rika langu, na mtu aliyeijua kazi yake, kama Wajaluo walivyofanya tangu zamani. Hivyo ndivyo mtoto alivyouacha utoto. Aliyelia alikumbushwa hadi uzeeni. Mimi sikulia.

Nilitoka nje. Blaine si mahali pazuri pa mtu mwenye hasira kutembea. Bila gari huendi popote. Unazizunguka nyumba mpya zinazofanana, unarudi ulikotoka. Jirani alikuwa juu ya mashine yake ya kukatia nyasi, na mbu wa Juni walikuwa wameanza kazi. Mara ya kwanza nilizunguka nikimkasirikia Natasha. Mara ya pili nikajiuliza habari ya kuoza aliitoa wapi, maana mimi sikumwambia. Sikumaliza mzunguko wa tatu. Niliingia kupitia gereji, moja kwa moja hadi jikoni.

"Dinah," nilimwambia binti yangu, "ni nani aliyemwambia mtoto meno yangu yalioza?"

Dinah ni nesi katika hospitali moja ya Saint Paul, na hana kawaida ya kuogopa maswali. Alipunguza moto.

"Ni mimi, Baba. Alikuwa mdogo, ameona picha yako, akauliza."

"Na ukweli ulikushinda?"

"Ningemwambia nini? Aende aseme darasani babu yake aling'olewa meno na chuma? Hapa wangeniitia polisi."

"Niliyeng'olewa ni mimi."

"Watu wa hapa hawatofautishi ya zamani na ya sasa." Aligeuza samaki. "Baba, tafadhali. Iache. Wanataka kitu cha kuwagusa roho, na hicho kinagusa. Ukimwambia sasa ataanza upya, na akianza upya ataharibu. Umesahau mwaka jana?"

Sikuwa nimesahau. Mwaka jana aliandika jinsi anavyopenda sayansi, akakataliwa kila alikoomba. Alijifungia chumbani, akawa anatoka kunywa maji tu. Mwaka huu ameniandika mimi.

Nilikwenda sebuleni. Natasha alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake. Baba yake ni Mmeru na mama yake Mjaluo, kwa hiyo nyumba yetu huongea Kiswahili, kila mtu na chake.

"Babu, koma ngapi?"

"Mbili."

"Mbili tu? Si basi mimi ni profesa!"

Nilicheka, na mkono wangu ukapanda ukafunika mdomo. Natasha aliutazama ule mkono. Niliona akiutazama. Katika sehemu hiyo ya ukurasa wake hakuwa amedanganya.

"Usitume," nikasema. "Meno yangu hayakuoza."

"Baba!" Dinah aliita kutoka jikoni.

"Endelea na samaki wako."

Nilisimulia nikiizunguka meza, kwa maana kuketi kulinishinda. Natasha aliufuata mwendo wangu kwa shingo.

"Babu, keti, unanipa kizunguzungu. Walitumia nini?"

"Chuma bapa."

"Na dawa ya ganzi?"

"Wenzako wanakutazama. Hiyo ndiyo ganzi."

"Enyewe hukulia?"

"Muulize yeyote wa rika langu."

"Babu, si wote walikufa?"

"Basi itabidi uniamini."

Alicheka, kisha akaacha. "So mbona unafunikanga?"

Nilikwenda dirishani. Kijijini sikufunika; kila mzee alikuwa na pengo kama langu. Nilianza kufunika ofisini Nairobi, makarani vijana waliponiita yule wa pengo, na nilipokuja huku nikazidisha. Mtu wa dukani akinitazama mdomoni, mkono unapanda wenyewe. Nilimwambia hayo yote nikiwa nimempa mgongo.

"So una aibu."

"Nina hasira."

"Ama zote mbili?"

Jirani alikuwa anakata tena mahali palepale alipokwisha kukata.

"Zote mbili," nikasema.

Aligeukia kompyuta. "Mwisho nimesema nikiwa daktari nitakuwekea meno."

"Ungeniuliza kwanza?"

"Hapana," alisema. "Ningeona pengo, nijue tu ni ugonjwa." Akainuka. "Fungua nione."

Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuniomba hivyo. Nilirudisha kichwa nyuma, nikafungua. Alimulika kwa simu, akavuta mdomo wangu wa chini kwa kidole, taratibu.

"Ufizi ulipona vizuri sana," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliye kazini. "Ya pembeni yameinama kidogo. Ya juu yote ni yako?"

Niliitikia kwa koo.

"Wah."

Aliketi, akaufuta ukurasa wote. Kioo kikabaki cheupe. Dinah alikuwa mlangoni na mwiko.

"Natasha! Mungu wangu, ilikuwa imeisha!"

"Mum, ilikuwa uwongo."

"Uwongo mzuri!"

"Ni mimi nitaulizwa kwa interview, si wewe."

Aliandika upya huku samaki wakipoa. Niliomba kusoma, angalau kwa ajili ya koma, akafunika kioo kwa mikono miwili. "Hapana, Babu. Wewe utaifanya hotuba." Nilitembea toka dirishani hadi mlangoni, na kurudi, mpaka aliposema, bila kuinua macho, "Nimetuma."

Nilitoka nje tena. Dinah alinifuata hadi gereji.

"Na wakimkataa?"

"Sijui," nikamjibu, na kweli sikujua. Miguu haikukubali kusimama nifikirie. Jua lilikuwa bado juu. Jirani alizima mashine yake, akaniita kwa tabasamu la meno yote, akasema kitu kuhusu mbu kilichonichekesha. Mkono ulianza kupanda kwenda mdomoni. Niliugeuza njiani, nikampungia.