Neno Lililovunjika kwa Sekunde Nne

Ofisini wananiita Bi Nywila, na sioni haya. Kila mwezi, kwa idhini ya meneja, naiachia programu yangu ijaribu kuvunja nywila, yaani maneno ya siri ambayo watu hufungulia kompyuta zao. Naipa orodha ya maneno wanayoyapenda wavivu: majina ya watoto, timu za mpira, majina ya utani ya humu ofisini, nakupenda, nikuoe. Yenyewe huyaunganisha, huongeza tarakimu, na kabla chai haijapoa imeshawaumbua nusu ya wenzangu. Yaliyovunjika nayaona mimi peke yangu, kisha namfuata mwenyewe mezani kwake hadi abadilishe.

Jumatano ile sikuwa na hamu. Mtunza stoo alikuwa anahamia tawi jingine Ijumaa, na mwanamume huyo nimempenda miaka miwili bila yeye kutamka lolote zaidi ya "karatasi za printa zimefika." Nilikuwa na hasira naye, na zaidi na nafsi yangu.

Mhasibu: jina la paka wake, kama kawaida. Meneja: moja mpaka nane, Mungu amsamehe. Mtunza stoo, ambaye neno lake lilikuwa halijawahi kuvunjika, sekunde nne tu: binywilanikuoe1.

Nikasoma. Nikasoma tena. Nikafunga mlango, nikarukaruka kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya, kisha nikajipangusa uso na kushuka stoo nimenuna kikazi.

"Neno lako limevunjika," nikamwambia.

"Najua. Nililiweka jepesi makusudi." Alikuwa akipanga maboksi yaliyokwisha kupangwa. "Barua ungeweza kuichana bila kuifungua. Hili nilijua utalisoma tu."

"Na mdomo je?"

"Mdomo ulinishinda, dada yangu. Samahani, si dada."

Nilijikaza nisicheke. "Sheria ni sheria. Badilisha."

Uso ukamshuka. Akavuta kibodi taratibu. "Niweke nini?"

Miaka minne nawahubiria watu kwamba neno la siri halitajwi hata kwa mama mzazi. Nikamwinamia sikioni nikamtajia jipya: ndiyo, halafu siku ya kuja nyumbani kwetu kumwona mama.

Akaliweka. Alipotaka kulijaribu akakosea mara tatu, kompyuta ikamfungia nje. Ikabidi nimfungulie mimi, nacheka hadi machozi.

"Nitajie tena," akaniomba. "Nimesahau yote isipokuwa ile ndiyo."