Mapipa Kumi na Manne ya Utope

Mimi nimechoka. Naanza na hilo ili usije ukanihukumu kabla hujajua nilikuwa katika hali gani. Miaka kumi na mmoja nakoroga sabuni uani kwangu, Lemara. Bega la kulia halipandi tena, macho yanachuruzika kwa moshi, na ulimi ndio usiseme. Sisi wapika sabuni hatuna mashine ya kupimia. Tunaonja. Unagusa uji wa sabuni kwa ncha ya ulimi: ukikuchoma, bado, ukitulia, umeiva. Mafuta nayo tunayaonja vilevile. Mabaya yanakwaruza, mazuri yanateleza. Binti yangu Zakia, aliyeolewa Kijenge, anasema mchuzi wangu siku hizi una chumvi ya kulambisha ng'ombe. Namwambia basi ale kwake.

Nilianza mwaka ule sabuni ilipoadimika, watu wakafulia majani ya mpapai. Marehemu mume wangu, Khalfani, alikuwa kibarua katika kiwanda cha mafuta ya kula kule Themi. Siku moja akaniletea ndoo ya utope, ule uchafu mzito unaobaki mafuta yakishasafishwa. Kiwandani walikuwa wanautupa. Nikaupika na magadi, ikatoka sabuni nyeusi, mbaya, inanuka, na watu wakapanga foleni mlangoni mpaka nikaogopa. Khalfani alipofariki, utope ule ndio ulionilisha na kunisomeshea mtoto.

Halafu mambo yakawa ruksa. Sabuni za kila rangi zikaingia kutoka Kenya, zinanukia maua, nikasema Tunu, umekwisha. Wapi! Zile zilikuwa za wenye nazo. Mama wa kawaida alitaka mche wangu mrefu, anaukata vipande, anafulia wiki mbili. Kiwanda nacho kikauzwa kwa mwekezaji, akaanza kusafisha mawese yanayoletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Jamani, utope wa mawese! Sabuni yake ngumu, nyeupe kiasi, povu mpaka kwenye viwiko. Kila Jumanne nilikwenda na Koikai, Mwarusha mwenye mkokoteni, mtu mzima kama mimi ila ananiita yeyo, yaani mama kwa kwao. Philemoni wa stoo alitujazia mapipa mawili, nami namwachia miche ya sabuni kwa ajili ya mkewe. Hapakuwa na karatasi wala sahihi.

Ndipo akaja meneja mpya, Abdiel. Mtu wa Machame, bado kijana, mlokole, mpole, hali rushwa. Shida yangu ilianzia hapo hapo, maana mla rushwa ningejua pa kumshika.

Akaniita ofisini. "Shikamoo, Mama Zakia."

"Marahaba, baba."

"Mama, ule utope sasa ni mali. Kuna kampuni ya sabuni Dar inautaka wote, kila mwezi, kwa mkataba."

"Na mimi je?"

Akaangalia meza. "Mkataba unasema wote, mama."

Bila mapipa yale mawili mimi si mpika sabuni, ni bibi mwenye sufuria kubwa.

Kumbe alikuwa hajamaliza. Mjumbe wa kampuni atakuja Alhamisi kuangalia mapipa kumi na manne ya kwanza. Anaogopa, maana aliwahi kuuziwa utope ulioharibika mahali pengine akapata hasara. "Nimemwambia tunaye fundi hapa hapa Arusha," Abdiel akasema, uso unang'aa. "Nimemwambia mama huyu hajawahi kudanganya mtu. Njoo utuonjee, mama. Ukisema ni mzuri, anatia sahihi."

Wewe, hebu niambie. Ninyang'anywe sahani, halafu niitwe kuonja kama chakula kimekolea! Na yeye wala hakuona ubaya, alidhani ananiheshimu. Nikasema nitakuja. Nilikuwa nimechoka hata kugomba.

Jioni nikamweleza jirani yangu Anande. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata macho.

"Sema umeoza," akasema.

"We Anande! Si watu wa kanisa nyie?"

"Mimi ni wa kwaya. Mzee wa kanisa ni mume wangu." Akatupa ganda. "Wakisikia umeoza, huyo wa Dar anaondoka, utope unabaki, unachukua wewe. Kuna gumu gani?"

Nikacheka, lakini neno likaniingia. Jumatano nzima nilikoroga na neno lile. Nilijiambia, Tunu, miaka yote hujasema uongo juu ya mafuta, hata kwa wateja waliokukera. Kisha nikajiambia, na huo ukweli umekupa nini zaidi ya bega bovu?

Alhamisi nikaenda, Koikai nyuma yangu na mkokoteni. Mjumbe aliitwa Shamsudin, mtu wa pwani, shati safi, kalamu mbili mfukoni. Aliingiza kijiti katika pipa la kwanza, akanusa, akakunja uso. Kwa asiyejua, utope wote unanuka vibaya. Ilikuwa wazi hajui atakacho.

"Bi mkubwa," akasema, "nakutegemea wewe."

Nikachovya kidole. Nikaweka kwenye ulimi.

Lahaula! Sijawahi kuonja utope kama ule. Uliteleza kama siagi, hauna maji, haujachacha hata kidogo. Nikaenda pipa la pili, la tatu, mpaka la kumi na nne, na moyo unanidunda kwa tamaa. Niliiona sabuni yake imelala kwenye boksi, tayari kukatwa. Nilitaka kulia.

Nikatema mate pembeni. "Umeharibika," nikasema. "Ulilala na maji. Hautashika."

"Yote kumi na manne?" Abdiel akauliza.

"Yote."

"Una hakika, mama?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Alijua sikuwahi. Shamsudin akashusha pumzi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akuzidishie, bi mkubwa. Umeniokoa." Akapanda gari lake, akaenda zake.

Nikamkonyeza Koikai asogeze mkokoteni. Sikuona haya bado, nilihisi wepesi tu, kama mtu aliyetua kuni.

Hapo Abdiel akaita, "Philemoni! Lete vibarua. Mwageni yote shimoni, kisha mfunike na chokaa. Leo hii, kabla bwana afya hajarudi na maneno yake ya harufu."

"Subiri, baba. Mnamwaga nini? Nipe mimi nichukue."

"Nikupe kitu kilichooza, mama? Ukapikie watu sabuni iwatoe vipele? Hapana. Mimi ni Mkristo."

"Mbona siku zote nachukua?"

"Siku zote utope ulikuwa mzima. Leo umesema mwenyewe."

Vibarua walishaanza kulaza pipa la kwanza. Utope ukaanguka shimoni kwa sauti nzito. Nikamshika meneja kwa koti, mbele ya watu, mimi mwanamke wa umri wangu.

"Nimesema uongo! Ni mzuri. Ni mzuri kuliko wote niliowahi kuonja. Niliogopa utachukuliwa wote. Mrudishe yule mtu wa Dar, auchukue, lakini usimwage!"

Akanitazama. Afadhali angenikasirikia. Macho yake yalijaa huruma.

"Mama Zakia, najua una shida. Shida ndiyo inakusemesha."

Nikachota utope kwa kiganja, nikaulamba wote mbele yake, nikaumeza. "Haya! Kitu kilichooza mtu anakula hivi?"

Abdiel akatoa leso yake nyeupe, akanifuta kiganja kidole kwa kidole, kama mtoto. "Usijiue, mama yangu. Mungu atafungua mlango mwingine." Machozi yalimlenga, naapa. Kisha akawaambia vibarua waharakishe, na kwamba kuanzia sasa utope wote uwe unakwenda shimoni moja kwa moja, asipewe mtu.

Wakamwaga kumi na manne. Wakamwaga chokaa juu yake, ikachemka, ikafuka.

Koikai aliomba mapipa matupu akayaoshe kwake. Hakuyaosha. Alikaa na panga siku nzima akikwangua kuta za ndani, akaniletea ndoo moja. "Yeyo, pika," akasema. Hakuniuliza kitu kingine.

Nikapika. Ilitoka miche kumi na miwili, myeupe kama maziwa, migumu, yenye povu la kukufanya ucheke peke yako. Sijawahi kupika sabuni nzuri kama hiyo na najua sitapika tena. Kumi na mmoja niliuza. Wa mwisho niliufunga kwenye gazeti, nikaupeleka Themi. Nilifikiri akiushika tu, ataelewa, na sitahitaji kusema neno.

Abdiel aliufungua palepale getini. Akanusa. Akanawia bombani, povu likamjaa mikono yote miwili, akafurahi kwelikweli.

"Unaona, mama? Si nilikwambia Mungu atafungua mlango? Sabuni nzuri hii! Mafuta siku hizi unayapata wapi?"

"Hapa kwako," nikasema. "Ni yale ya shimoni."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Zakia, una utani wewe!" Akasuuza mikono, akaushika mche wake, akarudi ofisini huku bado anacheka.

Nyuma ya stoo vibarua walikuwa wanamwaga utope wa wiki hiyo. Nikasimama kidogo nikisikiliza, kisha nikaenda nyumbani kulala.