Fisi wa Kwenye Kijitabu cha Kahawa

Babu Sifaeli wa Nkoaranga alikuwa na kijitabu kimoja tu, cha magonjwa ya kahawa. Kila jioni alikifungua na kumsomea mjukuu wake Eunike habari za fisi aliyeimba besi kwenye kwaya ya kanisa. Ndiyo maana binti yake Rachel aliposema, "Baba, mfundishe mtoto kusoma kabla hajaanza shule," mzee alikuja juu.

"Ana miaka mitano! Muache acheze kwanza."

Kumbe aliogopa kuumbuka.

Rachel akamfundisha mwenyewe, jikoni, huku wakimenya ndizi. Haukupita muda, Eunike akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Ku-tu ya ma-ja-ni. Babu, fisi yuko wapi?"

Mzee alijikuna kisogo. "Hayumo, mama. Nilimtoa kichwani mwangu."

Eunike alimtazama, akakitazama kijitabu, kisha akakichukua na kukishika kama mchungaji madhabahuni.

"Basi leo nasoma mimi. Fisi alifukuzwa kwaya, akapanda mlima Meru na kinanda mgongoni..."

Ukurasa ule babu aliujua neno kwa neno, na haukuwa na fisi wala mlima. Hata hivyo alisogeza kigoda chake karibu.

"Ehe? Akamkuta nani huko?"