Kumi na Tisa Waliosema Inawezekana

Wenzake walimwita Jedwali, na hakuwa na haki ya kulalamika. Mtu anayechora jedwali kabla ya kununua viatu, atake aitwe nani? Na sisi tutamwita hivyo hivyo.

Jedwali alikuwa karani wa masjala ya hospitali kwa miaka sita, na sasa alikuwa ameingia chuo kusomea shahada ya takwimu. Stashahada yake ilimrusha moja kwa moja hadi mwaka wa tatu. Raha iliyoje, ukisikia kwa mbali. Kumbe kuruka nako kuna mambo yake, kwa maana masomo ya mwaka wa pili uliyoyaruka yanakusubiri palepale ulipoyaacha.

Fomu ya kuchagua masomo ilikuwa ukurasa mmoja tu, lakini ilimtoa jasho siku nne. Kitabu cha mwongozo cha zamani kilisema lazima somo la Uwezekano litangulie, ndipo ifuate Takwimu Hitimishi, ndipo uje Urejeshi. Kitabu kipya kilisema yote matatu yanaweza kuchukuliwa kwa pamoja, mradi mshauri wa masomo aridhie. Tangazo la ubaoni lilisema Urejeshi hautafundishwa muhula wa pili. Tangazo jingine, lililobandikwa juu ya lile la kwanza, lilisema utafundishwa, ila saa zake zinagongana na somo la Sampuli. Kwenye kundi la simu la darasa mtu mmoja aliandika kwamba vitabu vyote viwili vimefutwa, na watu thelathini wakamshukuru. Jedwali alisoma, akarudia kusoma, akaona heri asingesoma kabisa.

Kilichomkosesha usingizi hasa kilikuwa hiki. Hospitali ilimpa ruhusa ya miaka miwili, basi. Akirudi na shahada ndani ya muda huo, kiti cha ofisa takwimu ni chake. Mkuu wa masjala alimwambia hivyo waziwazi, na waziwazi vilevile akamwambia kwamba kiti hakitamsubiri hata mwezi mmoja. Akiyabana yale masomo matatu katika muhula mmoja, miaka miwili inatosha. Akiyapanga moja baada ya jingine, ni miaka mitatu, kwa kuwa kila moja hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, na atarudi kupanga mafaili kama alivyoondoka. Na akiyabana halafu akafeli? Hapo kitabu cha zamani na kipya vilikubaliana: anaondolewa chuoni.

Mama yake hakuona kuna cha kufikiri hapo. Miaka kumi na moja iliyopita, baba alipofariki, kaka yake Jedwali alikuwa katika idara hiyohiyo ya takwimu, naye akiwa ameingia kwa stashahada. Aliacha chuo akajifunza ufundi wa friji, ili mdogo wake asikatishe shule. Mama aliisimulia habari hiyo kwa majirani, kwa wageni, na siku moja kwa mtu aliyekuja kusoma mita ya maji, maskini wa Mungu, akasikiliza mpaka mwisho. Kila aliposimulia alimgeukia Jedwali na kumwambia kwamba mwenzake alimpisha, kwa hiyo yeye akimbie. Lakini kumuuliza kaka mwenyewe habari za chuo kulikatazwa kabisa nyumbani. Mama alisema ni kumtonesha kidonda. Jedwali alimpenda kaka yake, basi hakuuliza.

Badala yake alifanya alichokijua. Alikwenda kwenye darasa la mwaka wa nne akawatafuta wote walioingia kwa stashahada, akamuuliza kila mmoja kama masomo yale yanabanika. Aliwapata kumi na tisa. Wote kumi na tisa walisema inawezekana, wao waliyabana, na si wamefika? Mmoja alimcheka kwa kuuliza. Jedwali alirudi nyumbani roho kwatu, akachora jedwali lake, safu ya ndiyo kumi na tisa, safu ya hapana tupu kabisa.

Siku moja kabla ya mwisho wa kupokea fomu, alimpelekea mshauri wake fomu pamoja na jedwali lile. Mshauri alikuwa mhadhiri mtu mzima, mwanamke mkavu wa maneno, mwenye ofisi iliyojaa karatasi mpaka kiti cha wageni. Aliondoa rundo moja Jedwali apate pa kukaa, akalitazama jedwali lile kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

"Hawa umewapata wapi?" aliuliza.

"Darasa la mwaka wa nne, Mwalimu."

"Na waliofeli?"

Jedwali alisema hakumwona aliyefeli hata mmoja.

"Utawaonaje mwaka wa nne, binti? Wangekuwa mwaka wa nne, wangekuwa hawajafeli."

Ee Mola, Jedwali alitamani ardhi ipasuke. Kosa hilo lilikuwa somo la wiki ya kwanza kabisa katika Sampuli aliyoisoma kwenye stashahada, na zoezi lake alilipata kwa alama zote! Aliuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuonyeshwa orodha ya walioondolewa. Mshauri alisema orodha hiyo ni siri ya watu, na kwamba yeye atasaini mpango wowote atakaoletewa kesho kabla ya saa nne, lakini kuchagua hatamchagulia. Jedwali alitoka pale amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Wamefeli wangapi? Wawili? Mia mbili? Wanapatikana wapi watu ambao wameshaondoka?

Nje ya idara palikuwa na kibanda cha fotokopi, na mwenye kibanda alikuwa pale tangu mashine yake ikiwa mpya. Jedwali alimuuliza kama anawakumbuka watu wa stashahada walioyabana masomo yale wakashindwa. Mzee akacheka kidogo, akasema ni wengi, mmoja mbona yuko nyumbani kwao Jedwali mwenyewe. Yule fundi wa friji si kaka yake? Walikuwa saba mwaka ule, wakija hapo kila siku kutoa nakala za maswali, na katika saba hao waliovuka walikuwa wawili.

"Kwani hakukwambia?" aliuliza, na alipoiona sura ya Jedwali akageukia mashine yake haraka na kuanza kutoa nakala ambazo hakuna aliyeziagiza.

Jedwali alimkuta kaka yake karakanani, chumba cha mbele cha nyumba yao, amepiga magoti nyuma ya friji lililofunguliwa mgongo. Alikaa juu ya kreti la soda. Njia nzima alikuwa amejipangia maneno ya kuzungukazunguka, lakini yote yalimpotea.

"Kaka, uliyabana masomo matatu ukafeli?"

Bisibisi ilisimama. Kaka hakuinua uso kwanza. Kisha akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akasema ndiyo, kwamba matokeo yalibandikwa wiki tatu kabla ya baba kufariki, na hakupata nafasi ya kuyasema. Baada ya mazishi mama aliwaambia watu kwamba kijana wake ameamua kuacha chuo amsomeshe mdogo wake. Alilisema kwa fahari hivi kwamba yeye akashindwa kumsahihisha siku hiyo, na siku iliyofuata ikawa ngumu zaidi.

"Kwa hiyo hukuacha kwa ajili yangu," Jedwali alisema. Hasira ilimpanda, na haya, na nafuu ambayo hakujua imetoka wapi, vyote kwa mpigo, hata hakujua ashike kipi. Miaka kumi na moja alikuwa akikimbia kwa sababu ya mtu aliyempisha.

"Ningeacha, mdogo wangu," kaka alisema. "Ningeulizwa ningeacha siku hiyohiyo. Lakini sikuulizwa. Nilifeli kwanza."

Baadaye kaka alivuta kreti lingine, akamuonyesha kwenye fomu mahali alipoangukia: si Urejeshi, watu wote wanauogopa Urejeshi bure, ni Takwimu Hitimishi, wiki ya tano, pale unapodhani Uwezekano unaujua tayari. Aliyakumbuka yote, mpaka namba za kurasa. Jedwali alimsikiliza, akafuta mpango wake, akaandika wa miaka mitatu. Hakuwa na uhakika. Wawili kati ya saba si namba ya kumpa mtu uhakika wowote, na kiti cha ofisa takwimu alikitaka kwa moyo wote. Asubuhi aliipeleka fomu, ikasainiwa, na kabla hajatoka getini alimpigia mkuu wa masjala, naye akamshukuru kwa kumwarifu mapema na kukata simu.

Mchana mama aliwapakulia chakula yeye na kaka yake, akauliza kama fomu imepita. Jedwali alimwambia kila kitu, isipokuwa aliyoyasikia kibandani na karakanani. Mama alibaki na mwiko mkononi.

"Miaka mitatu? Na kazi umewaachia watu?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililouma. "Huyu hapa aliacha chuo kwa ajili yako. Mwenye akili kuliko wewe, akaacha. Wewe unaambiwa ukimbie kidogo tu, unakaa chini?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Sentensi moja tu ingemtosha Jedwali, na ilikuwa ya kweli. Alimtazama kaka yake, aliyekuwa ameinamia sahani, masikio yamemshuka. Akalimeza.

"Nisamehe, mama," alisema. "Niliogopa kufeli."

Mama alitikisa kichwa, akageuka kurudi jikoni, akinung'unika kwamba baba yao angekuwepo angesikitika sana. Kaka aliweka kijiko chini.

"Mama," alisema, "hebu keti kwanza."