Miaka Niliyoipa Alama Tatu

Baba yetu alikuwa mwalimu wa hesabu, na nyumbani kwetu hakuna jambo zito lililoamuliwa kwa mdomo. Kila swali lilipewa karatasi. Alipiga mstari wa rula katikati, kushoto akaandika NDIYO, kulia LA, kisha kila sababu ikapewa alama kati ya moja na tano. Ukijumlisha, umemaliza. Nilipokuwa na miaka tisa tuliamua hivyo kuhusu paka aliyekuja kuzaa chini ya kabati la vyombo. LA ilipata kumi na mbili, NDIYO ikapata tano. Mdogo wangu alilia siku mbili mfululizo, hadi baba akasalimu amri na paka akabaki. Tangu hapo mdogo wangu tukamwita Chozi, na jina likamganda hata alipokuwa mtu mzima mwenye saluni yake.

Mimi sikulia. Nilijumlisha upya, nikaona baba ameivunja karatasi yake mwenyewe, nikamnunia wiki nzima.

Sitaki mtu anionee huruma kabla ya wakati wake. Karatasi ilinifikisha mbali. Nilipokuwa na miaka ishirini na sita kulikuwa na fundi umeme aliyenipenda, nami nikampenda hadi nikawa nasahau kula. Alishindwa kwa alama nne, nikaenda zangu ng'ambo kusoma. Leo mimi ni mkuu wa maabara katika kiwanda cha sabuni. Kila mzigo mpya tunakwangua vipande, tunaviyeyusha, tunadondoshea dawa. Maji yakigeuka rangi ya waridi, magadi yamezidi, sabuni hiyo itachubua watu ngozi, na mzigo wote unarudishwa ukapikwe upya hata meneja akinung'unika vipi. Wafanyakazi wananiita Mama Kipimo. Wakidhani sisikii, wana majina mengine.

Chozi aliolewa mara mbili kwa mapenzi na akaachika mara mbili kwa makelele. Akarudi kuishi na baba. "Dada, akili ni nywele, kila mtu ana zake," alikuwa akinitania nikikaa kwenye kiti chake cha saluni. "Ila zako, loh, zinavunja vitana."

Mwaka baba alipofikisha miaka sabini na minne, alianza kupumzika kila baada ya ngazi tatu. Daktari wa moyo akatuambia mlango mmoja wa moyo wake umekakamaa. Upasuaji ungeweza kumpa miaka kumi mingine. Bila upasuaji, mwaka, labda na miezi kadhaa. Lakini alikuwa na kisukari na figo zilikuwa zimeanza kuchoka, kwa hiyo daktari hakuficha kwamba wagonjwa wa hali yake, watatu katika kila kumi, hawatoki wazima. Akampa baba wiki mbili za kufikiri.

Jumamosi iliyofuata baba akaja kwangu asubuhi, peke yake, kavaa shati lililopigwa pasi. Alikaa mezani, akakataa chai.

"Mwanangu," akasema, "nipasuliwe au nisipasuliwe?"

Nilifanya kile alichonifundisha. Nikaleta karatasi na rula. Upande wa LA nikaandika figo, nikazipa tano. Kisukari, nne. Umri, nne. Maumivu na miezi ya kulala kitandani, tatu. Wale watatu katika kumi, tano. Upande wa NDIYO nikaandika kupumua vizuri, nne, kuweza kutembea, nne, imani yangu kwa daktari, tatu. Mwisho nikaandika miaka.

Baba alikuwa ananiangalia mkono, kama alivyokuwa akisimama nyuma yetu tulipokuwa watoto.

"Hiyo miaka umeipa ngapi?"

"Tatu," nikasema. "Si miaka ya uhakika, baba."

"Ni kweli. Si ya uhakika."

Ishirini na moja kwa kumi na nne. Akaichukua kalamu, akapitia hesabu yangu mstari kwa mstari, akaweka alama ya vema chini. "Hesabu iko sawa," akasema. Akainuka, akanishika bega, akatoka. Nilimtazama dirishani akiteremka mtaani polepole, na nilichokiona moyoni mwangu, Mungu anisamehe, ni fahari. Nilijiona binti hodari.

Jumatatu alimwambia daktari hapana.

Chozi alinivamia kiwandani mchana uleule, bado ana aproni ya saluni. Mlinzi alishindwa kumzuia. "Umemwambia baba afe!" alipiga kelele mbele ya wasaidizi wangu wawili. "Umekaa mezani na baba yako mzazi, ukamwandikia afe!"

"Punguza sauti. Nimemwambia ukweli."

"Ukweli anao daktari. Wewe ulikuwa mtoto wa baba."

Nilimwambia kwamba kulia hakujawahi kuponya moyo wa mtu, na kwamba maisha yake mwenyewe ni ushahidi wa kutosha wa mahali machozi yanapompeleka mtu. Maneno hayo niliyasema kwa utulivu mkubwa. Alinitazama, akafuta pua kwa aproni, akaondoka. Hatukuzungumza tena isipokuwa zamu za kumhudumia baba zilipotulazimisha.

Miezi minane baadaye baba alikuwa amelazwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, miguu imevimba, hawezi kulala chali. Alasiri moja nilikuwa namlisha mtindi kwa kijiko. Akausukuma mkono wangu taratibu.

"Ile karatasi," akasema. Alikuwa akiongea kwa vipande, anavuta pumzi katikati. "Nilikuwa nimeshaifanya. Nyumbani. Kabla sijaja kwako."

"Ulipata ngapi?"

"Sawasawa na wewe. Ishirini na moja kwa kumi na nne." Akatabasamu kidogo. "Nilikufundisha vizuri."

"Sasa ulikuja kwangu kufanya nini, baba?"

Akageuza uso dirishani.

"Nilikuja uichane," akasema.

Kijiko kiliniponyoka. Nikamuuliza, na sauti yangu sikuitambua, kwa nini hakumwendea Chozi. Chozi angeichana, angemlilia hadi kitandani pa upasuaji.

"Chozi machozi yake yako karibu. Alimlilia hata paka. Nilitaka kumwona analia yule asiyelia. Ningejua nikipasuliwa nina cha kurudia. Kosa si lako, mama. Mwalimu wako ni mimi."

Nililia. Miaka arobaini na sita, nikalia katikati ya wodi ya wanaume, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani ili asinione. "Baba, usiende," nikasema. "Baba, tafadhali, usiende."

Alifumba macho. "Umechelewa, mama," akasema kwa upole. "Lakini sema tena."

Nikasema tena. Nikasema hadi alipolala, na hata alipokuwa amelala.

Ungedhani mtu akishapigwa hivyo anabadilika. Siku ya nne yake asubuhi muuguzi alinionyesha kwamba mapigo ya moyo yametulia na pumzi ni afadhali kuliko jana. Kiwandani kulikuwa na mzigo unaosubiri saini yangu. Nikaona ni busara niende, nirudi saa saba. Baba alikuwa amelala, sikutaka kumwamsha. Chozi alikuwa ameshafika kwa zamu yake. Tulipishana mlangoni bila kusalimiana.

Alifariki saa nne na nusu.

Nilipofika, walikuwa wameshavuta pazia. Chozi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya wodi, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe, yeye alikuwa na macho makavu na mimi ndiye niliyekuwa nalia. Alinivuta nikakaa.

"Aliamka?" nikauliza.

"Aliamka. Akakuulizia."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Dada yako yuko wapi?'"

Akaendelea mwenyewe.

"Nilimwambia uko njiani. Nikamwambia umeacha kila kitu, unakuja mbio, watu wanakushangaa barabarani."

Saa nne na nusu nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu maabara, nasoma namba kwa sauti ili msaidizi aziandike.

"Akaamini?"

"Akaamini, dada. Akacheka. Akasema, 'Ataanguka na vile viatu vyake vya visigino.'"

Nikamshika mdogo wangu mkono, nikamshukuru kwa uongo ule, kisha nikamwomba anieleze upya tangu mwanzo jinsi nilivyokuwa nakuja.