Somo Alilolipiga Chenga

Mshauri wa masomo alikuwa mtu mpole, na siku hiyo upole wake ndio uliomtia wasiwasi karani mmoja wa shule aliyekuwa akisoma chuoni hapo jioni. Alimvutia kiti, akamsifu kwa utafiti wake, akamsifu kwa alama zake, kisha akakohoa kidogo.

"Mama, masomo ya fani umemaliza. Ya kuchagua umemaliza. Utafiti umepita. Lakini somo la mazoezi ya mwili hujaligusa."

"Kwani hilo nalo linahesabika?"

"Ni la lazima kwa kila anayetaka shahada ya kwanza. Bila hilo hakuna joho."

Karani alilijua vizuri somo hilo. Alilipiga chenga tangu mwaka wa kwanza, akijiambia kwamba mama wa watoto watatu, anayeshinda ofisini akichapa barua za mwalimu mkuu na jioni akikimbilia darasani, keshafanya mazoezi ya kumtosha. Akauliza kama kuna nafasi kwenye mpira wa meza. Umejaa. Riadha je? Nayo imejaa.

"Kuogelea tu ndiko kuliko na nafasi," mshauri alisema, macho yake yako dirishani.

Karani akauliza tena kuhusu mpira wa meza. Alipokuwa mdogo alitumbukia kwenye tangi la maji nyuma ya nyumba yao, na ingawa kaka yake alimvuta papo hapo, tangu siku hiyo maji aliyaamini yakiwa ndani ya ndoo tu. Hata nywele aliziosha kidogo kidogo, taulo usoni, kama anayemwogesha mtoto mchanga.

Nyumbani, mumewe, fundi wa majokofu, alicheka hadi akaweka kijiko chini. Alipoona mwenzake hacheki, akanyamaza.

"Nenda kwa daktari akuandikie kwamba huwezi," alisema. "Lazima wagonjwa wana njia nyingine ya kumaliza."

Akaenda. Daktari alimsikiliza kifua na mgongo, akampima presha, akamwambia avute pumzi na kuitoa.

"Una mapafu ya mpiga tarumbeta," alisema, akidhani amempa habari njema.

Mama mkwe wake aliishi nao, na jioni zote za masomo yeye ndiye aliyekaa na watoto. Lakini siku ya kipindi cha kwanza aliwaacha watoto na baba yao, akavaa viatu, akachukua mkoba wenye taulo.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nakusindikiza, mwanangu. Nikikuacha peke yako utapitia sokoni."

Na ndivyo hasa alivyokuwa amepanga.

Bwawa lilikuwa ndani ya jengo lenye mwangwi, linanuka dawa ya maji. Wanafunzi wenzake, vijana ambao angeweza kuwazaa, walikuwa wanajirusha humo kama wako kwao. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Kwa jinsi alivyotembea, wanafunzi walimwita Bata, na mwenyewe alijua wala hakujali.

Kipindi cha kwanza karani alikaa ukingoni, akatia miguu tu. Kipindi kilichofuata alishuka ngazi, akakumbatia chuma chake, na hakukiachia mpaka wenzake walipokwenda kuvaa. Mwalimu hakumharakisha.

"Leo weka mdomo tu, dada. Puliza kama unapoza chai."

Akapuliza. Mapovu yakapanda, vijana wawili wakacheka, naye akajikuta anacheka pia, maji yakamwingia, akapaliwa.

"Umeyanywa na hujafa," Bata alisema. "Hapo tumepavuka."

Kilichomshinda ni kulala chali. Kila alipoambiwa aegemee maji, shingo ilikaza kama mti.

"Nitakuwekea mkono mgongoni," mwalimu alimwambia. "Nikitaka kuutoa nitakuambia kwanza. Sitakudanganya."

"Na nikizama?"

"Utasimama. Maji haya yanakuishia kifuani."

Alikuwa amesimama humo wiki kadhaa, maji yakimwishia kifuani, na hakuwahi kufikiria hivyo. Akalala. "Natoa sasa," mwalimu akasema, na kweli akautoa. Karani akakunjika katikati, akazama, akasimama, akafuta uso. Kifuani. Akalala tena, akazama tena. Ilifika wakati shingo ikachoka kukaza, akaiachia tu, na maji yakamshika. Masikio yalikuwa chini, hakusikia kitu. Aliona dari na taa zake, moja imeungua. Aliomba moyoni mtu yeyote asimwite.

Mtihani ulikuwa wa kuvuka upana wa bwawa, upande wa kina, kwa mtindo wowote, bila kushika ukuta njiani. Siku hiyo mumewe aliomba ruhusa kazini, akakaa benchini na mama yake, wote wawili mikono mapajani kama wanaosubiri kuitwa kwa daktari.

Karani alikwenda chali, akipiga miguu. Katikati maji yakamwingia puani. Mguu ukashuka kutafuta sakafu, ukaikosa. Akili ikataka kumruka. Akainua tumbo kama alivyofundishwa, akatazama dari, akavuta pumzi moja ndefu, kisha miguu ikaanza tena. Kwa kuwa hakuona anakoelekea, alikwenda mshazari, na safari yake ikawa ndefu kuliko ya wote. Mwishowe kichwa kikagonga kitu kigumu.

"Huo ndio ukuta," Bata alisema kutoka juu yake. "Ushike sasa. Umefaulu."

Aliushika, lakini kupanda ngazi hakuweza. Mumewe na mwalimu wakamvuta. Mama mkwe alikuwa ameshafika ukingoni, viatu vimelowa.

"Ulikuwa unakwenda upande upande. Nikadhani unatoroka."

Hawakusubiri nywele zikauke. Walipanda hadi kwa mshauri wa masomo, aliyekwishapigiwa simu na mwalimu. Akabonyeza kompyuta yake, akasubiri, akatabasamu.

"Imeingia. Hudaiwi somo lolote."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."

Akamwomba aangalie tena. Mshauri hakukasirika, aliigeuza kompyuta ili ajionee mwenyewe. Karani akasoma mstari mmoja baada ya mwingine, kisha akashusha pumzi ambayo mumewe aliisikia kutoka mlangoni.

Nyumbani alikula akiwa amesimama jikoni, akaenda kulala na jua bado liko juu. Mama mkwe aliwafukuza watoto wakachezee nje, na fundi wa majokofu akatembea ndani kwake kwa ncha za vidole.

Alipoamka ilikuwa jioni. Mkono wake, kwa mazoea, ulikwenda kwenye mkoba wa vitabu, ukakaa hapo kidogo, ukarudi. Akatoka sebuleni, akajipenyeza katikati ya watoto waliokuwa mbele ya televisheni, akauliza wanatazama nini.

"Hutaelewa, mama," yule mdogo alisema. "Ilianza zamani."

"Nielezeni tangu mwanzo," alisema, akinyoosha miguu. "Nina nafasi."